Bisi za Mafuta ya Bekoni na Sufuria Iliyosuguliwa kwa Udongo

Admin, jina langu libaki kwako tu. Huku Magamba watu tunajuana hadi kwa kikohozi. Nina miaka 29, niko kwenye ndoa mwaka wa nne na tuna binti wa miaka mitatu. Nimekulia kwenye nyumba ya Kilutheri, nikasilimu ili niolewe na mwanaume ninayempenda. Sikulazimishwa na mtu. Nasema hili mapema kwa sababu nawajua, mtaanza kulaumu dini, na hapa mwenye kosa ni mimi.

Nafanya kazi jikoni kwenye nyumba ya wageni. Wageni wetu wanapenda kutafuna bisi wakiota moto, ila si hizi za chumvi mnazozijua. Unakaanga bekoni, ile nyama ya nguruwe ya kukaushwa kwa moshi, mpaka inavunjika kwa vidole. Unaitoa, unamwaga mahindi ya bisi kwenye yale mafuta yake, unafunika. Zikimaliza kupasuka unanyunyizia vipande vya bekoni juu, pilipili manga na chumvi kidogo. Jamani! Mimi ni mtoto wa kitimoto cha Krismasi, nilipoonja zile bisi mara ya kwanza nilitafuta kiti nikakaa.

Vipande vya bekoni vya pembeni visivyofaa kwa wageni hugawiwa wafanyakazi. Wenzangu walikuwa wanabeba, mimi nakataa. Mwaka jana msimu wa baridi nikashindwa, nikafunga kwenye karatasi nikaenda navyo nyumbani. Jumatano mume wangu hushusha mboga Mombo kwa gari, mtoto anashinda kwa bibi yake, mama mkwe wangu, nyumba ya chini, na ukungu ulikuwa umefika mlangoni. Nikapika kwenye sufuria yangu, nikala bakuli zima peke yangu, nikaosha kwa sabuni na maji ya moto, nikafungua madirisha. Nikajiambia ni mara moja tu. Ikawa kila Jumatano.

Siku moja gari likawahi kurudi. Mume wangu akaingia amelowa chapachapa, akaona bakuli mezani, akatia mkono kabla sijafungua mdomo.

"Mke wangu, hizi umeweka nini?"

"Samli na kitunguu," nikajibu.

Akala mpaka punje za chini. Pale ndipo ningesema, na sikusema. Wiki iliyofuata akaomba tena, nikampikia. Nimempikia mara nne, kwa hizi akili zangu timamu. Ile ya kwanza ningeweza kuiita bahati mbaya, hizo nne sina jina la kuzipa.

Mwezi uliopita nilitoka kazini nikakuta ile sufuria imefudikizwa kwenye kichanja cha vyombo, imesuguliwa ndani kwa udongo mwekundu, matope bado yako kwenye ukingo. Masizi ya nje tunasugua kwa majivu, kila mtu anajua. Lakini ndani, tena kwa udongo? Nikakumbuka darasa la kina mama kabla ya ndoa, mwalimu akitueleza kwamba chombo kikiguswa na nguruwe kinaoshwa mara saba, moja kwa udongo. Siku ile nilikuwa naitikia tu, akili iko kwenye gauni.

Anayeingia jikoni kwangu nisipokuwepo ni mama mkwe peke yake. Namwamkia shikamoo, ananiitikia marahaba vizuri tu. Ila tangu siku hiyo hajanywa hata maji kwangu. Nikimpa chai anasema amefunga. Jumanne amefunga, Jumapili amefunga. Baadaye akasema, "Mtoto atakuwa anakula kwangu." Wiki hii amechukua na nguo zake. Mume wangu anacheka, anasema bibi kanogewa na mjukuu. Mimi zile bisi nimeacha, naapa, lakini kila Alhamisi naikuta sufuria imefudikizwa tena, na udongo ndani. Naogopa kuingia jikoni kwangu mwenyewe.

Juzi mchana alinikuta naanua nguo. Akanishika mkono, akasema kwa sauti ya chini kabisa.

"Mwanangu, ulichokula wewe ni chako na Mungu wako. Nitanyamaza mpaka nizikwe. Nakuuliza moja tu. Mume wako amekula?"

"Mama..."

"Usinijibu sasa, utakimbilia uongo. Jumamosi baba zake wadogo wanakuja kutoka Mtae. Nijibu kabla hawajakaa. Ukisema hapana, watakula wali wataondoka. Ukisema ndiyo, utamwambia mwenyewe, mbele yao."

Akaniachia mkono, akaniokotea kanga iliyoanguka, akaikunja, akaniwekea begani. Bora angenizaba kibao.

Mnatakiwa kumjua mume wangu. Huyu mtu aliacha kula kwenye mgahawa alioupenda kwa sababu tu alisikia jirani na hapo wanakaanga kitimoto. Hajawahi kuninyooshea kidole, na tulipooana aliwaambia ndugu zake wote wasinisimange kwa nilikotoka. Na ni mimi niliyemlisha, huku namtazama anavyofurahia.

Leo ni Alhamisi. Asubuhi, akivaa viatu, ameniambia, "Jumamosi wazee wakija wapikie zile bisi zako, nimeshawasifia." Nikaitikia sawa. Ametoka anapiga mluzi.

Nikimjibu mama hapana, atanyamaza na ndoa yangu itabaki, lakini nitakula naye sahani moja maisha yangu yote najua nilichomfanyia. Nikisema ndiyo, naogopa Jumamosi jioni sitakuwa na mume, na mtoto tayari yuko nyumba ya chini na nguo zake. Wengine mtanitukana, tukaneni, nitasoma yote. Ila mwenye mume wa namna hii, au mwanaume mwenyewe, naomba unijibu kabla mume wangu hajarudi leo: ungependa kuambiwa?