Matofali ya Milango

Fundi aliyenijengea nyumba hapa Mweso aliniibia matofali. Hapimi kwa kamba. Huzunguka msingi polepole, mikono nyuma, midomo ikicheza, kisha hutaja idadi ya matofali kwa sauti ya chini kama mtu anayesali. Kwangu alihesabu kuta kana kwamba nyumba haina mlango wala dirisha. Nikafyatua yote aliyotaja, nikachoma tanuru zima. Yaliyobaki, ambayo yangenitosha jiko, akayabeba, akamjengea mke wake jiko. Nilimfuata kwenye jiko hilo nikamwambia kila tofali langu nililibonyeza kwa kidole gumba likiwa bichi. “Mama, tofali iko na jina?” alicheka, huku kiganja chake kikifunika alama ya kidole ukutani. Hakukiondoa mpaka nilipoondoka. Mimi napikia chini ya turubai, na fundi huyo bado hajanirudishia jiko langu.