Siku Bibi Alipoulizwa Shamba ni la Nani

Karatasi za kesi za mama zilinuka moshi. Alizihifadhi kwenye mfuko wa rambo jikoni, juu ya dari tulikoanika mahindi ya mbegu, na kila alipozishusha harufu ile ilijaa nyumba nzima: moshi, masizi na vumbi la magunzi. Nilikuwa na miaka kumi. Tuliishi chini ya milima ya Matogoro, mahali ambapo asubuhi za kipupwe ukungu hukaa shambani hadi jua lipande, na miguu hufa ganzi kwa umande.

Baba yangu, Longino, alifariki mwezi wa sita, mahindi yakiwa bado hayajavunwa. Tulivuna bila maneno. Lakini mvua za kwanza ziliponyesha, tulikuta baba mdogo Otmari ameshapanda shamba letu la bondeni, mistari imenyooka kabisa. Mama alimwuliza kwa upole. Alijibu bila kuinua jembe: "Shemeji, hili ni shamba la ukoo. Kaka aliazimwa tu." Kikao cha ukoo kilikaa mara mbili, kikashindwa. Ndipo mama akaenda mjini Songea, kwenye baraza la ardhi.

Shahidi alikuwa mmoja tu, na shahidi huyo alikuwa Bibi, mama mzazi wa baba na wa baba mdogo. Yeye ndiye aliyekuwepo babu alipogawa mashamba. Kesi iliitwa mara tatu, na mara zote tatu Bibi alisema magoti yanamuuma. Zamani alikula kwetu mchana na kwa baba mdogo jioni. Msimu ule aliacha kula kote kuwili. Alijipikia uji wake nje, kwenye mafiga matatu, akaunywa peke yake ametupa mgongo. Sisi watoto tulikatazwa kwenda kwa kina baba mdogo, nao walikatazwa kuja kwetu.

Jioni moja mama alimpigia Bibi magoti. "Mama, naomba useme unachokijua."

"Mama Gauda, mmoja nimemzika juzi," Bibi akasema, akimwita kwa jina langu. "Unataka huyu aliyebaki nimpoteze nikiwa namwona?"

Mama alibaki amepiga magoti, mdogo wangu amelala mgongoni kwake, mpaka Bibi akaingia ndani na kufunga mlango.

Kesi ilipoitwa mara ya nne, Bibi alitoka amevaa vazi lake la kanisani na kusema nami niende. Tulitembea taratibu hadi mjini, tukipumzika kila penye gogo. Ndani ya baraza, mwenyekiti alimpa shikamoo kwanza, kisha akamwuliza babu alimpa nani shamba la bondeni.

"Alimpa Longino," Bibi akasema. "Nilikuwepo." Kisha akageuka. "Otmari mwanangu, unisamehe."

Baba mdogo alisimama akatoka kabla mama yake hajakaa.

Shamba likarudi kwetu. Kabla ya mavuno baba mdogo alihamishia familia yake Namtumbo, akaanza kulima tumbaku. Bibi aliishi masika mawili tu baada ya hapo. Alimwuliza kila mtu aliyetoka upande ule, "Otmari hajambo?" Akiambiwa hajambo, aliitikia kwa kichwa na kuendelea kupembua maharage. Baba mdogo alikuja kwenye maziko, akatupia udongo, akaondoka bila kuonja chakula.

Leo shamba limepimwa na lina hati yenye jina la mama. Hakuna wa kutusumbua, wala hakuna wa kulima. Mimi ni mwalimu mbali na nyumbani, wadogo zangu wako mijini, na mama, ambaye mgongo umemchosha, amewaachia majirani walime. Kabla ya kesi, watu kumi na wawili wa nyumba zetu mbili walipalilia bonde lile pamoja bila karatasi hata moja.

Likizo iliyopita nilimwuliza mama kama angeshtaki tena mambo yale yakijirudia. Alikuwa anaota jua kibarazani.

"Ningeshtaki," akasema. "Mlikuwa watatu, mngekula nini?" Akafuta macho kwa ncha ya kanga. "Ila bibi yako ningemwacha nyumbani."