Mtoto aliyehama na dawa ya ngoma

Jumamosi, saa tisa alasiri, jua la Buhongwa bado linauma, na Maige anafika kwenye uwanja wa mazoezi akiwa jasho tupu. Mbele ya baiskeli yake kuna ngoma. Nyuma, ndani ya kreti la soda lililofungwa kwa kanga, kuna binti yake Kija, wa miaka miwili na ushee, ameshika mwiko.

"Bosi kafika, tuanze," anasema mchezaji mmoja, na wenzake wanacheka.

Maige anamshusha mtoto kwanza, ngoma baadaye. Anaketi na kuibana ngoma kwa magoti. Kija anajipachika upande wa pili bila kukaribishwa. Baba anapiga mara tatu, mtoto anapiga mara moja, tena akiwa amechelewa, kisha anageuka kuwatazama watu kama wamesikia.

Wamesikia. Hata mbwa wa jirani amesikia.

Maige ana miaka thelathini na mmoja. Katikati ya juma anakata minofu ya sangara katika kiwanda kimoja kati ya vile vilivyoota ufukweni mwa ziwa tangu biashara ilipofunguliwa milango. Anasimama kutwa kwenye maji baridi, na viatu vya mpira miguuni. Minofu inapanda ndege kwenda Ulaya, yeye anarudi nyumbani Igogo na mapanki, mifupa iliyobaki baada ya minofu kuondolewa.

"Kisu nacho kina mdundo wake," anasema. "Msimamizi ananisifu kwa bidii, kumbe mwenzake nafanya mazoezi."

Ngoma hiyo ilikuwa ikipigwa na marehemu baba yake, lakini si mali ya familia. Ni ya kundi lao la ngoma, na kundi linaweza kumnyang'anya mtu wakati wowote. Kwa Maige hicho ndicho kitu pekee cha baba yake anachokigusa kila wiki, na mwaka huu nusura akipoteze kwa sababu ya huyo mwenye mwiko.

Mkewe, Renatha, anauza mitumba sokoni, na Jumamosi ndiyo siku ya kufungua belo. Alijaribu kwenda na mtoto mara moja tu.

"Mteja alivuta gauni kuuliza bei, akakuta lina mtu ndani," anasimulia Renatha. "Nikamwambia Maige, huyu ni wako Jumamosi. Nenda naye huko kwenye mavumbi yenu."

Renatha ni Mhaya wa Kamachumu, na hajawahi kukanyaga kwenye mashindano ya ngoma. "Kwetu watu wakitaka kushindana wanajenga nyumba," anasema. "Hawa wanashindana kurukaruka."

Basi Maige akaanza kwenda naye. Wiki ya kwanza alimfungia mgongoni, mtoto akamvuta masikio kila mdundo ulipomkolea. Wiki ya pili alimpa kifuniko cha sufuria, wazee wakalalamika. Mwishowe akamtengenezea njuga za vizibo vya soda, akamfunga miguuni, akamwacha. Ikawa Kija akitembea analia kama duka la vyombo, na baba anajua aliko bila kugeuka.

Manju wa kundi, Chenge, mtu mrefu asiyependa mchezo kwenye mchezo, hakufurahi. "Nilimwambia wazi, ngoma si chekechea," anasema. "Tukishindwa kwa sababu ya mtoto, ngoma inabaki hapa, yeye na mwanawe waende wakapige masufuria."

Maige angeweza kumwacha mtoto kwa jirani. Nilipomuuliza kwa nini hakufanya hivyo, aliipangusa ngoma vumbi kwanza.

"Baba hakuruhusu mtoto asogelee ngoma," akasema. "Nilijifunza kwa kuchungulia kwenye ua. Mpaka leo nikimkumbuka akipiga, namkumbuka mgongo. Uso sijui ulikuwaje."

Mashindano yalikuja baada ya mavuno. Kwa asiyejua, hakuna waamuzi wenye kalamu. Wagika wanacheza upande mmoja wa uwanja, wapinzani wao Wagalu upande wa pili, wote kwa wakati mmoja, na watazamaji wanakimbilia panapowavutia. Penye watu wengi ndipo penye ushindi. Kwa hiyo kila kundi lina mganga wake, na kila mganga ana samba, dawa ya kuvuta watu.

Wagika, kundi la Maige, wana Mzee Mhoja. Asubuhi hiyo alichanganya dawa yake kwenye kibuyu kilichokatwa, nyekundu, imelainishwa kwa samli, ya kupaka ngoma zote. Akakiweka chini ya mti, akaenda kunusa ugoro.

Aliporudi, kibuyu kilikuwa kitupu na Kija alikuwa mwekundu toka utosini hadi kwenye vizibo.

"Nilimwambia Maige, mfute haraka uipake ngoma," anakumbuka mzee. "Akasema haifutiki. Na kweli, samli yangu haifutiki."

Hapakuwa na muda. Kundi likaingia uwanjani na ngoma kavu na mtoto aliyepakwa dawa ya kundi zima. Watu walipomwona yule mwekundu akichezesha mabega, nyuma ya kila mtu kwa mdundo mmoja, wakaanza kumiminika. Vijana walipanda mabegani mwa wenzao. Mama mmoja aliacha ndizi zake bila mlinzi. Chenge, kwa mara ya kwanza mwaka huo, alionekana akitabasamu.

Ndipo Wagalu wakatoa sanamu lao. Ni mtu wa mti mwenye kofia, mikono inavutwa kwa kamba. Kija akaliona kupitia katikati ya miguu ya watu.

"Mtoto!" akapiga kelele, akaondoka.

Akavuka uwanja, njuga zikilia, na watu wakamfuata. Wote. Upande wa Wagika, ukiacha wachezaji wenyewe, akabaki Mzee Mhoja na mbuzi aliyefungwa.

Maige alimwona binti yake akimezwa na miguu ya watu. Hakufikiri. Alinyanyuka na kumkimbilia, ngoma ikiwa bado imefungwa kiunoni, ikijigonga kwenye magoti yake, du du du, mpaka katikati ya Wagalu. Wagalu wakashangilia. Walidhani amehamia kwao.

Mcheza kwao hutunzwa, lakini Kija alicheza kwa watu na akatunzwa vilevile, miwa na biskuti mikono miwili. Wagalu walishinda.

Kesho yake kundi lilikaa kumhukumu Maige. Alikuja na ngoma, akaiweka katikati, akaanza kuufungua mwenyewe mkanda wa kuibebea. Wanaomfahamu wanasema macho yake yalikuwa mekundu kuliko dawa.

Aliyemwokoa ni Mzee Mhoja, na hakufanya hivyo kwa huruma.

"Miaka yote mnaniambia dawa yangu ni samli tupu," aliwaambia. "Jana mmeona wenyewe. Ilipokwenda dawa, ndipo walipokwenda watu. Haijawahi kufanya kazi namna ile! Mkimfukuza huyu mtoto, Wagalu watamchukua leo leo, na dawa bado imo mwilini."

Wagalu kweli walikuwa wameshatuma mtu kuulizia mtoto, na kuku mkononi.

Chenge akaamua. Kija ni mchezaji wa kundi, atashonewa vazi. Ngoma inabaki kwa baba yake, kwa sharti moja: mtoto akivuka tena, ngoma isivuke.

Ndiyo maana leo, wakati wenzake wanapumzika, Maige anachonga. Ni sanamu la kwao, kwa mbao kuukuu na kile kisu alichokizoea, na kofia imetoka kwenye belo la Renatha. Kija anapaka rangi. Jicho moja la sanamu liko shavuni, na Maige amekataa kulihamisha.

Renatha naye ameahidi kuja mwakani. "Nitasimama na maandazi upande wetu," anasema. "Dawa ya huyo mtoto naijua mimi."

Namuuliza Maige: na akivuka tena, pamoja na sanamu na maandazi?

Anamtazama Chenge, ambaye anajifanya hasikii. Kisha anamtazama Kija, aliyeketi mbele yake, uso kwa uso, rangi hadi kwenye nyusi.

"Nitamfuata," anasema. "Ngoma nitamwachia Chenge aishike kidogo."

Anaweka kisu chini, anapiga ngoma mara tatu. Kija anamsoma baba yake usoni, anainua mwiko, na kuchelewa.