Hana Mwenyewe

Mkono wa mchimbaji wa makaburi ya kale ulikuwa mwepesi, hilo Don Casimiro, mzee wa kijiji cha mlimani pale, hakumnyima. Mchimbaji alilala kifudifudi kando ya shimo, akipangusa mfupa kwa brashi ndogo, akipuliza vumbi kama anayepoza uji wa mtoto. Kila alipomaliza aliifuta brashi kwenye suruali, paja lile lile. Sauti yake ilikuwa ya chini, ya mtu wa msibani. Mzee, aliyemzika mkewe Saturnina mwaka jana kwenye mlima huohuo, alikuwa ameanza kumpenda.

Asubuhi hiyo Don Casimiro alimwekea bibi wa shimoni, mwenye mifupa ile, majani ya koka, kumwomba radhi kwa kufunuliwa. Mchimbaji akaja, akayapangusa kwa brashi ileile hadi ndooni, pamoja na mchanga. Mkono haukusita.

"Hiyo ni sadaka yake, mwanangu."

"Inachafua shimo, Don Casimiro. Na leo tunampeleka makumbusho, mjini. Usijali, huyu hana mwenyewe."

"Hana mwenyewe? Kwani alijizika?"

Mchimbaji akacheka kidogo, akafuta brashi pajani. "Wenyewe walikufa zamani, mzee."

"Na mimi nikifa, Saturnina wangu utamfuata na ndoo?"

Mchimbaji akavuta sanduku, akaipanga mifupa ndani. Sanduku lilipofungwa, mzee aliyaokota majani yake ndooni, akayapanga juu ya kifuniko, akaketi kando. Wapagazi wakaja, wote watu wa kijijini. Walipoyaona majani wakavua kofia. Lori la kwenda mjini likapiga honi, likapiga tena. Hakuna aliyeinama kulibeba sanduku.