Mama Alipocheza Fainali

Juzi nilipita Rongai nikaona wasichana wa chuo wakifanya mazoezi kwenye vumbi, na harufu ya dawa ya kuchua misuli ikanikumbusha mama. Alijiunga na chuo cha ualimu nikiwa tayari nimezaliwa, akawa beki wa timu ya kandanda ya chuo ambayo msimu huo haikuwa imeshindwa mechi hata moja. Wenzake walimwita Mathe, yaani mama kwa Sheng.

Kabla ya fainali, nikiwa pembeni na nyanya, nilimsikia kocha akiwaambia, "Leo ni kufa na kupona." Sikujua ni msemo tu. Kwa hivyo mama alipogongwa goti akaanguka, nilikimbia uwanjani nikamvuta mkono.

"Twende nyumbani, mama."

"Rudi ukae na nyanya yako," alisema, akilifunga goti kwa leso. "Sijamaliza."

Alicheza akichechemea hadi filimbi ya mwisho, na hakuna mshambuliaji aliyempita. Walishinda bao moja kwa bila, wakachukua kombe. Wenzake walipombeba mabegani wakiimba, nililia kwa sauti, nikidhani wanaenda kumzika. Aliponiona akawaambia wamshushe, akanipangusa machozi kwa mkono uliojaa vumbi.

"Wacha kulia," akasema. "Twende nikasome. Kesho nina mtihani."