Kikombe cha Ulanzi Kilichokataliwa Ilula

Nilikuwepo mwenyewe, nimeona kwa macho haya, msinibishie. Ilikuwa harusini Ilula. Ulanzi, ile pombe yetu ya mianzi, ulizunguka kwa kikombe kimoja kama kawaida. Mjomba mtu, mafua yanamchuruzika, akamnyooshea mpwa wake, dada aliyewekewa figo la kaka yake.

"Kamwene, mpwa wangu. Kunywa."

"Kamwene, mjomba. Sinywi, na mkono sikupi."

"Siku hizi unatuona wachafu?"

Dada akaibana barakoa puani.

"Dawa ninazomeza zinalaza kinga ya mwili ili figo hili lisikataliwe. Mafua yako wewe utayafuta kwa leso, mimi yatanirudisha wodini. Mkitaka kununa, nuneni. Figo la kaka silichezei."

Ndipo nikasimama mimi, nikampokonya mjomba kikombe, nikakimwaga chini.

Sisi watu wa Iringa tunadhani upendo hupitia kwenye mate. Haya, tupendane kwa mbali kidogo, hatutakufa.

Yote haya ni kweli tupu. Ila pale kwenye kusimama nimejipendelea. Aliyekimwaga ni kaka mtu, yule aliyebaki na figo moja.