Sala ya Kimya Ndani ya Duara

Mjomba wangu alikuwa katekista pale Nkende, na sikumpenda. Alikuwa anakuangalia viatu kwanza ndipo aitikie shikamoo yako, na vyangu siku zote vilikuwa na vumbi la Kerende, kwa hiyo marahaba yake ilitoka kama mtu anatema mfupa.

Mama ndiye alinilazimisha kwenda kwake. Kipindi kile cha kukimbilia dhahabu, kila mwenye mikono alikuwa shimoni, na mimi nilikuwa nachimba duara moja Kerende, shimo refu lenye matimba ya kuzuia kuta na winchi ya mkono juu. Siku moja kifusi kikanishukia hadi kifuani. Wakanifukua, nikanywa maji, nikacheka. Lakini kuanzia hapo, nikiteremshwa tu, kifua kinajifunga, natapika. Wenzangu walilifurahia sana jambo hilo.

"Mura, hiyo mimba ni ya nani?"

Msimamizi wetu yeye hakutania. Alisema nisiposhuka kesho, nafasi anapewa mtu mwingine, na wa kutaka nafasi walikuwa wamekaa pale kama nzi kwenye kidonda. Kazi nyingine sikuwa nayo. La saba nilimaliza wa pili kutoka mwisho, na wa mwisho alikuwa ameshahama.

Basi nikaenda kwa mjomba. Akanikalisha kwenye kigoda.

"Kaa wima. Funga macho. Vuta pumzi polepole, moyoni useme Bwana Yesu. Toa pumzi, useme nihurumie. Midomo isitikisike."

"Mjomba, pumzi navuta tangu nizaliwe."

"Unavuta kama ng'ombe wa wizi anayekimbizwa. Nyamaza."

"Nikinyamaza nasikia njaa."

"Na ukiongea sisi ndio tunaumwa. Vuta."

Nikavuta, kwa hasira. Kila nilipofungua jicho moja alinigonga kichwani na kidole. Ubaya wake, ikafanya kazi. Kifua kikalegea, mabega yakashuka, nikakaa pale kimya kama mtu mwenye akili. Nilichukia kuona amefurahi.

Kesho yake nikashuka. Sasa kwenye duara kuna utaratibu mmoja ambao hata mlevi anaujua: aliye chini hanyamazi. Agonge, aimbe, atukane, mradi wa juu wamsikie. Hewa ikiisha kule chini mtu anazima bila kuaga, kwa hiyo wakikosa sauti wanavuta kamba. Huo utaratibu niliujua vizuri. Ila nilipofika chini kifua kikaanza kujifunga, na kichwani ilibaki sauti ya mjomba tu. Nikaweka chini nyundo na moko, ile patasi ya kupasulia mwamba. Nikafunga macho. Bwana Yesu. Nihurumie. Bwana Yesu. Hofu ikaanza kupungua, nikasikia hata maji yanadondoka kwenye mwamba.

Mara kamba ikaninyaka kiunoni. Nilipanda lile shimo nikigonga kila timba lililokuwepo. Juu wakanimwagia ndoo ya maji na makofi. Mmoja alishaanza kunivua buti, eti nipate hewa. Ya miguuni.

"Umezimia?" msimamizi akauliza.

"Nilikuwa nasali."

Makofi yakaisha. Wengi pale waliamini dhahabu na Yesu havikai shimo moja. Jina lake likitajwa chini, mawe yenye dhahabu yanageuka udongo mtupu. Msimamizi mwenyewe alishamleta mganga kuzika vitu vyake pale mdomoni mwa duara, na mganga huyo hakuwa wa bei rahisi.

"Umesali ndani ya duara langu?"

"Kimyakimya."

"Kwani Mungu hasikii kimya? Mawe yakikimbia, nakufukia mimi mwenyewe." Akanitupia kamba. "Shuka. Nisipokusikia, nakuvuta na kazi huna. Nikisikia sala, nakuvuta na kazi huna."

Nikashuka nikimlaani yeye, mganga wake na mjomba wangu. Chini kifua kikaanza tena. Nikavuta pumzi, Bwana Yesu, moyoni kabisa. Nikatoa kwa sauti yote: "Hewa ipo!" Nikavuta. "Hewa ipo!" Nikashika moko, nikaanza kugonga.

"Tumesikia, mbwa wewe," wakajibu juu. Sikuacha mpaka zamu yetu ikaisha, na sikutapika.

Jumapili nikamweleza mjomba.

"Hiyo sio sala," akasema. "Nihurumie umeipeleka wapi?"

"Shuka wewe ukaiseme."

Akasema basi hayo si mafundisho yake, na nisimtaje popote. Nikamwambia sikuwa na mpango wa kumtaja. Jumatatu nikashuka, nikavuta, nikatoa. Wa juu wakaniomba nipunguze sauti kidogo, nikakataa.